Huyu ni Nani Wako?

Watu wengi hudhani kwamba kazi ya mpiga picha ni kubonyeza kitufe tu. Kamera ina jicho lake, wasema, na jicho hilo halikosei. Mwenye kamera hana la kufanya ila kusimama vizuri na kungoja mwanga. Sisi tunafundisha siku za juma, na Jumamosi na Dominika twaichukua kamera kwenda kwa jamaa za hapa Luena wanaotuita. Katika kazi hii ya pili tumejifunza ya kwamba kubonyeza ni sehemu iliyo nyepesi kuliko zote. Kazi yenyewe ni kuuliza. Na swali tunalouliza mara nyingi kuliko mengine ni hili: huyu aliyesimama karibu nawe, ni nani wako?

Mwanzoni twauliza kwa ajili ya kupanga watu. Wazee waketi, vijana wasimame nyuma, watoto wakae chini mbele, na jua liwe ubavuni lisiwachome macho. Walakini mara kwa mara jibu hugeuza mpango wote. Siku moja ya Komunyo ya Kwanza tulikuwa tumekwisha kumweka mtoto katikati ya wazazi wake, na nyuma yao wajomba na mashangazi. Penye mlango alisimama mama mmoja mwenye kitenge cha kila siku. Hakuwa katika hesabu ya picha. Tulipouliza ni nani wao, watu wakanyamaza kidogo, kisha nkambo wa mtoto akasema: “Huyo ndiye aliyemnyonyesha mtoto huyu, mama yake alipolazwa miezi mitatu.” Basi akaitwa. Alikataa mara mbili kwa adabu. Mara ya tatu akaja, akasimama nyuma ya mtoto na kumwekea mkono begani. Jamaa ile yaipenda picha hiyo kupita zote walizo nazo. Kamera yetu ilikuwa imemwona yule mama tangu mwanzo, ila haikumjua.

Siku nyingine tuliwakuta ndugu wawili waliokosana kwa ajili ya shamba. Walisimama mmoja huku na mmoja kule, kwenye ncha mbili za mstari, na mama yao katikati. Watu wakatutaka tuwasogeze wakaribiane, hata washikane mikono, ili picha ipendeze. Hatukufanya hivyo. Kupatanisha ndugu ni kazi ya wazee, na ya mioyo ya ndugu wenyewe; haifai mpiga picha awatungie amani ya dakika moja. Wahenga wamesema kwamba macho hayana pazia. Mtu aijuaye jamaa ile akiitazama picha yao ataiona nafasi iliyoachwa kati yao, na pengine siku moja ndugu wenyewe wataiona pia.

Swali letu lina uzito wa pekee katika mji kama huu. Luena ni mji wa reli na wa makaa ya mawe. Reli iliyotoka Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, ilifika Bukama mwaka 1918, na mwaka 1928 ikafika Port-Francqui, ambayo sasa yaitwa Ilebo. Makaa ya hapa yalichimbwa kwa ajili ya viwanda vya Katanga, na kazi ikawavuta watu wa karibu na wa mbali. Walikaa kambini ukuta kwa ukuta. Aliyejifungua alisaidiwa na jirani, na aliyefariki alizikwa na jirani. Ndiyo sababu mtoto wa Luena aweza kuwa na baba mdogo asiye wa damu yake, na shangazi ambaye kijiji chake ni safari ya siku nyingi kutoka hapa. Wazee wajua vema nani ni nani. Je, wajukuu watajua? Mtu akiipata picha ya watu sita waliosimama mbele ya nyumba ya matofali, atajuaje yupi ni wa ukoo, yupi ni wa kambi, na yupi alikuwa akipita njia akaombwa naye asimame? Karatasi yenyewe haisemi neno.

Tuliliona jambo hili wazi kabisa siku ya msiba mmoja. Alifariki mzee aliyefanya kazi ya makaa muda mrefu. Kama ilivyo desturi yetu, jamaa walitaka picha yake kubwa, iwekwe nyumbani wakati wa matanga. Wakatafuta sandukuni, wakatafuta kwa watoto walioko Likasi na Kamina, wasipate kitu. Picha pekee iliyosalia ilikuwa katika kadi yake ya uchaguzi. Wasomaji wajua ya kwamba katika nchi yetu kadi hiyo imetumika miaka mingi badala ya kitambulisho, na wazee wengi hawana sura yao iliyohifadhiwa mahali pengine. Ni picha ndogo kama ukucha wa kidole gumba, iliyopigwa kwa haraka, watu wamepanga mstari nje. Mzee alikuwa akitazama mbele kama mtu anayengoja kuitwa jina.

Mjane wake alituletea kadi hiyo, ameifunga katika leso. Tukamwahidi kuikuza. Akakaa kimya, halafu akasema: “Mwalimu, tuliishi pamoja miaka arobaini na miwili. Watu wakiingia humu watamwona peke yake, kama mtu asiyekuwa na mke. Huwezi kuniweka pembeni yake?”

Jambo hilo si gumu siku hizi. Kwa kompyuta ndogo mtu aweza kuchukua sura ya huyu na sura ya yule, akawaketisha kwenye kiti kimoja, akawavika nguo za arusi ambazo hawakuzivaa, na nyuma yao akaweka bustani ambayo haikupata kuoteshwa Luena. Wako wanaoifanya kazi hiyo kwa fedha. Lakini mwana wake mkubwa aliposikia ombi hilo alikataa. Akasema: “Mama, hiyo itakuwa uongo. Ninyi hamkupigwa picha pamoja hata siku moja. Wanangu watadhani kwamba mlipigwa.”

Tuliwasikiliza wote wawili, na kila mmoja alikuwa na haki yake. Mama alisema kweli, maana ndoa ile ilikuwako, na picha ya mzee peke yake ilikuwa ikiificha. Mwana naye alisema kweli, kwa kuwa siku ile ya kukaa pamoja mbele ya kamera haikuwako. Tungemfuata nani?

Swali kama hilo limeshughulikiwa na mwana mmoja wa Katanga ambaye kazi yake imeonekana katika nchi nyingi. Sammy Baloji alizaliwa Lubumbashi mwaka 1978. Mwaka 2006 alitengeneza mfululizo wa picha akauita kwa Kifaransa Mémoire, yaani Kumbukumbu. Alizitafuta picha za zamani za kampuni ya madini, ile Union Minière iliyoanzishwa mwaka 1906, ambayo mali yake ilitwaliwa na serikali mwaka 1967 na ambayo mrithi wake ni Gécamines. Akawakata watu waliomo, wafanyakazi na mabwana wao wa Kizungu, akawasimamisha mbele ya magofu ya viwanda aliyoyapiga picha yeye mwenyewe. Watu wana rangi ya kijivu ya karatasi za zamani, na magofu yana rangi za leo, za kutu, udongo na mbingu. Hakuna awezaye kudanganyika akadhani kwamba watu hao na magofu hayo vilikutana siku moja. Mshono waonekana wazi. Kwa kuwa waonekana, picha yasema kweli: hawa walikuwa hapa, kazi yao ilijenga mahali hapa, na hiki ndicho kilichobaki. Mwaka 2008 yeye na wenzake walianzisha Lubumbashi chama ambacho walikipa jina la Kiswahili, Picha, na maonyesho waliyoyaanzisha mwaka huo yamekuwa yakiwaleta mjini watu wa kazi hiyo kutoka nchi mbalimbali.

Nasi tulimfuata mwalimu huyo kwa kadiri ya uwezo wetu mdogo. Tulimpiga picha mama nyumbani kwake, katika kiti chake, kwa rangi za siku hizi. Mzee tulimwacha katika rangi ile iliyofifia ya kadi, tukamkuza, tukawaweka ubavu kwa ubavu, na kati yao tukaacha mstari mweupe. Nyuma ya karatasi tukaandika majina yao mawili, idadi ya miaka ya ndoa yao, na maneno haya: picha mbili zilizounganishwa baada ya kifo cha baba, ya baba imetoka katika kadi yake ya uchaguzi. Mwana aliyasoma maneno hayo polepole, akaikubali picha. Mama hakuyasoma. Aliitazama sana, kisha akauliza kama ule mstari hauwezi kupunguzwa kidogo. Tukaupunguza.

Tukirudi kwenye zile picha za kampuni, kuna jambo la kuhuzunisha ambalo hata ustadi mkubwa haukuweza kulitengeneza. Wengi wa wafanyakazi wale hawana majina. Picha hizo zilipigwa kwa mahitaji ya kampuni, na kampuni ilitaka kuonyesha kazi yake na watu wake kwa jumla. Hakuna aliyetarajia kwamba mke wa mmoja wao angeitaka nakala aiweke ukutani. Hivyo mjukuu aweza leo kuingia katika nyumba ya maonyesho, akapita mbele ya babu yake, akasifu uzuri wa picha, akaenda zake asijue amemwona nani.

Linganisheni picha hizo na nyingine ya nchi yetu, ambayo ni chungu mno kuitazama. Mwezi wa Mei mwaka 1904, huko Baringa katika nchi ya Ekwateri, mmisionari Mwingereza aliyeitwa Alice Seeley Harris alimpiga picha mtu aliyeketi barazani. Mbele ya mtu huyo kuna vitu viwili vidogo: kitanga cha mkono na mguu wa binti yake, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Jina la baba liliandikwa, Nsala wa Wala. Jina la mtoto nalo halikupotea, Boali. Picha hiyo na nyingine za namna yake zilionyeshwa katika mikutano mingi huko Uingereza na Marekani, zikawa miongoni mwa ushahidi ulioutikisa utawala wa Mfalme Leopold II, hata mwaka 1908 Kongo ikatolewa mikononi mwake na kuwa koloni la Ubelgiji. Watu wa mbali ambao hawakupata kufika Kongo waliitazama picha ile, wakamwona baba na mtoto wake. Kama bibi yule asingeuliza mtu huyu ni nani, na viungo vile ni vya nani wake, tungebaki na mtu asiyejulikana anayetazama kitu kisichoeleweka.

Mpiga picha mwenyewe naye aweza kupoteza jina lake. Seydou Keïta alifungua studio yake Bamako, nchini Mali, mwaka 1948. Watu wa mji walimwendea wamevaa nguo zao nzuri, naye akawapiga picha kwa heshima ambayo wajuzi wanaisifu hata leo. Mwaka 1991 baadhi ya picha zake zilionyeshwa New York, na chini yake ikaandikwa kwamba aliyezipiga hajulikani. Naye alikuwa hai, yuko kwao Bamako. Mtu akafunga safari kumtafuta, akampata, na Keïta alipofariki mwaka 2001 jina lake lilikuwa limekwisha kuenea duniani. Alipatikana kwa sababu alikuwa hai na filamu zake alikuwa amezitunza vizuri. Lakini wale mabwana na mabibi waliokaa mbele ya kamera yake, wengi wao hawana majina katika vitabu vinavyozitoa picha hizo. Twaijua kanzu, twaijua saa ya mkononi, twaijua hata baiskeli, mwenyewe hatumjui.

Msomaji aweza kusema kwamba hayo ni mambo ya zamani, na kwamba siku hizi kila kijana ana simu inayopiga picha mia kwa siku. Ni kweli. Sisi twawaona wanafunzi wetu wakipigana picha njiani, na twafurahi. Walakini simu huibwa, huanguka majini, huharibika, na pamoja nayo hupotea miaka mitano ya maisha ya nyumba nzima. Tena wingi wenyewe huleta usahaulifu: penye picha elfu hakuna anayeketi kuandika ni ya nani. Methali ya zamani yasema, mali bila daftari hupotea bila habari. Picha za jamaa ni mali, na daftari lake ni yale majina.

Basi twawashauri wasomaji wetu mambo machache, yasiyohitaji fedha nyingi.

Kila mwaka chagueni katika simu picha kumi tu, mkazichapishe kwenye karatasi. Nyuma ya kila moja andikeni majina ya watu kwa mpangilio wao kutoka kushoto kwenda kulia, undugu wao, mahali, na mwaka. Tumieni kalamu ya risasi iliyo laini, na mkono uwe mwepesi, huku picha imelazwa kifudifudi juu ya kitu safi na kigumu. Wino wa kalamu ya kawaida waweza kupenya au kuhamia picha nyingine, na mkono mzito huacha alama upande wa sura. Msiseme “shangazi” peke yake. Semeni shangazi wa nani, na kama ni wa damu au wa kambi. Wote wawili wastahili kuandikwa, na mjukuu atafurahi kuujua wema wa yule asiye wa damu.

Picha msizitundike mahali ambapo jua huzipiga kutwa, wala karibu na jiko la makaa, kwa sababu mwanga na moshi hula rangi. Zilizo za thamani zitieni katika bahasha ya karatasi, na bahasha katika kopo la bati lililo juu ya meza au rafu, mbali na mchwa na mvua. Kama inawezekana, nakala ya pili ipelekwe kwa ndugu anayekaa mji mwingine. Reli iliyotutawanya yaweza pia kutusaidia kuhifadhi.

Na ninyi vijana mnaopenda kamera, ombeni ruhusa kabla ya kuinua mkono. Mama anayetwanga na mzee aliyelala chini ya mwembe hawapo pale kwa ajili yenu. Mkisha kupiga, rudisheni nakala. Anayechukua sura ya mtu akaenda zake bila kumletea kitu afanana na mgeni aliyekula, akanawa mikono, akaondoka bila kuaga. Tumeona pia ya kwamba siku ya kurudisha nakala huleta faida kuliko siku ya kupiga, kwa maana hapo ndipo watu hukusanyika, huonyeshana kwa vidole, na kusema habari ambazo hakuna aliyezitaja mbele ya kamera. Siku hiyo njooni na daftari.

Tumezungumza habari za Baringa, za Lubumbashi na za Bamako, lakini kazi yaanzia kwenye sanduku lililo chini ya kitanda chenu. Dominika ijayo, baada ya chakula, litoeni. Mwiteni aliye mzee kuliko wote nyumbani, aketi penye mwanga, na mtoto mwenye mwandiko mzuri akae karibu naye na kalamu ya risasi iliyokwisha kuchongwa. Mpeni mzee picha moja moja mkononi, mkamwulize: huyu ni nani wako? Kisha msimharakishe.